Mwaka Niliolipwa Kunyamaza

Si yamini iliyomwachisha Bakari pombe, na kaka Omari anajua kwamba si yamini. Lakini siku ya hitma yake, kule Mabawa, mbele ya shehe na majirani na watoto wa marehemu, alisimama chini ya turubai akasema ndugu yake alikuwa mlevi wa kutupwa, na yeye Omari ndiye aliyemshikisha msahafu, na tangu siku ile akawa mtu. Watu wakaitikia. Mie nilikuwa uani na wanawake wenzangu, mkono kwenye sinia, nikasikia kila neno kupitia pazia. Watu walipoanza kutawanyika nikamkuta amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki anavaa viatu. Nikamwambia, shikamoo kaka, umesema uongo msibani. Akacheka. Siku hizi amekuwa mzee sana, anacheka bila sauti. "Basi sema wewe, Zuhura. Wewe ulikuwemo mle chumbani na yule nesi wenu. Mlimpa dawa?" Hatukumpa. "Mlimfunga kamba?" Hatukumfunga. "Sasa mlimfanyaje?" Nikasema, tulimuuliza. Akamaliza kufunga kiatu chake taratibu, akanyanyuka kwa kushika bega langu, akasema, "Mlimuuliza. Haya." Ile haya yake nimelala nayo wiki nzima. Nimechoka, sitaki ugomvi na mtu wa umri ule, lakini siwezi kumwacha Bakari azikwe mara mbili, mara ya pili ndani ya maneno ya mtu mwingine.

Tuelewane kwanza. Bakari alikuwa kaka yangu wa kunyonya. Bi Mize, mama yake, ndiye aliyeninyonyesha, na kwetu hilo linatosha, hakuna haja ya kupanga ukoo mzima hapa. Nilikuwa msichana wa maneno. Ugomvi wa bombani kwetu Nguvumali, Tanga, ukisikika, watu walikuwa wanauliza, Zuhura yuko upande gani. Shule niliiachia njiani, nikawa najisomea chochote kilichofungiwa karanga. Na mwaka ninaousema ni ule wa mwanzo mwanzo wa ruksa, tulipotoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri tukaingia kwenye miaka ya kuona kila kitu kimejaa dukani na huna cha kukinunulia. Watu wanasema ule mwaka ulikuwa wa nafuu. Kwa wengine, sawa. Kwa mafundi cherehani ulikuwa msiba.

Maana katika miaka ya dhiki fundi alikuwa bwana. Kitambaa hakuna, shati moja mtu analivaa mpaka kola inakatika, anampelekea Bakari, Bakari anaifumua kola, anaigeuza upande wa ndani uje nje, anairudisha, na mtu anaenda nalo kwenye Idi kama jipya. Barazani kwake pale Nguvumali kulikuwa na watu wamekaa wanasubiri, wanakunywa kahawa, wanabishana mpira. Halafu mitumba ikaingia. Marobota kwa marobota, yanafunguliwa chini, shati zima na kola yake kwa bei ya kugeuziwa kola moja. Baraza ikawa nyeupe, haina mtu. Akabaki Bakari na cherehani yake na futi shingoni, ile kamba ya kupimia ya mafundi, anatazama watu wakipita wamevaa nguo za watu asiowajua. Akaanza kupita kwa wagema tembo la mnazi jioni, kisha mchana. Kisha tembo likawa laini kwake akahamia gongo. Hata akilala kwenye mtaro, futi ilikuwa shingoni.

Ndipo kaka Omari akaitisha kikao. Nakumbuka kile chumba cha Bi Mize kuliko ninavyokumbuka chumba changu mwenyewe: kitanda cha kamba kimesukumwa ukutani, mkeka mpya, harufu ya udi, na kwenye shubaka la ukutani msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Wanaume mkekani, wanawake nyuma ya pazia. Akaanza mjomba kutoka Pemba, akasema nusu saa juu ya jina la ukoo. Akafuata jirani. Akafuata Omari, ambaye hasemi, anahutubia. Nyuma ya pazia shangazi mmoja ananong'ona, "Leo kapatikana," mwingine anamjibu, "Mwache, anaumwa yule," na wa kwanza anasema, "Kuumwa gani kwa kununua mwenyewe?" Kila mtu alisema mle ndani isipokuwa Bakari. Yeye alikuwa anavuta uzi mmoja uliochomoza kwenye mkeka, anauvuta, anaurudisha. Mwisho wakamwambia akatawadhe. Akarudi mikono imelowa, akawekewa msahafu, akala yamini kwamba hatakunywa tena kilevi maisha yake. Bi Mize akalia. Tukala wali wa nazi na papa, tukaenda makwetu tumeshiba na amani.

Hakufika mbali. Sijui nani alimwona kwanza, ila kabla mwezi haujaandama habari ilikuwa imezunguka mtaa. Na hapa ndipo watu wetu wanapokosea, na wanakosea hivi hivi mpaka leo. Walidhani kinachofuata ni mtu yule yule wa mwanzo. Hapana. Kabla ya kikao Bakari alikuwa mlevi anayeingia kwa mama yake. Baada ya kikao akawa mlevi aliyevunja yamini, na chumba cha mama yake kina ule msahafu alioushika, kwa hiyo akaacha kuvuka kizingiti. Anafika uani, anakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anasalimia kwa sauti, na Bi Mize anampitishia sahani ya chakula dirishani. Mama na mwanawe, dirishani, kama duka la ugawaji. Nikamwambia, wewe Bakari, acha basi hilo gongo uingie ndani kwa mama yako. Akanitazama kwa utulivu ulionitisha. "Zuhu, mie nimeshaungua. Unazima nini?" Alikuwa na hesabu yake, na ilikuwa imekamilika: aliyekwisha kuvunja yamini kwa Mungu hana cha kulinda tena, basi anywe. Bi Mize naye alikuwa anachakaa. Macho yalianza kuota ukungu, anapapasa ukuta kwenda msalani. Aliniambia siku moja huku akichagua mchele kwa vidole, "Mie sitaki aache pombe, Zuhura. Nataka aingie ndani nimshike uso kabla sijawa kipofu kabisa."

Hilo tu. Mengine yote ya mwaka ule yanazunguka hapo.

Kazi niliipata Chumbageni, kwenye nyumba kongwe ya kanisa yenye veranda ya mbao. Nesi mmoja wa Kisambaa, Mlutheri kutoka milima ya Lushoto, tulimwita Sista Naomi, alikuwa amepewa chumba cha mbele azungumze na watu waliozidiwa na pombe. Alipelekwa kusomea mambo hayo nje, akarudi na kanuni ambazo hakuna aliyezielewa. Tatizo lake halikuwa kanuni. Tatizo lake lilikuwa mlango. Wanaume wa hapa, wengi wao Waislamu, hawakubali kukaa na mwanamke asiye wao chumbani mlango ukiwa umefungwa, na mlango ukiwa wazi hawasemi kitu, maana veranda nzima inasikiliza. Akaamua atafute mtu wa tatu. Mwanamke Mwislamu, wa mtaani, anayejulikana, akae mle ndani kwenye kona ili isiwe faragha. Jirani yangu akanipeleka. Nikamuuliza Sista, nitakuwa nasema nini? Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, amechoka, mshahara wake ulikuwa haujatoka. Akasema, "Hutasema kitu." Nikamwambia labda hujaambiwa kuhusu mie. "Nimeambiwa. Wewe kaa." Malipo yalikuwa mche wa sabuni, sukari kidogo na chochote ambacho kanisa limepata. Nikakaa. Kama kuna mtu Tanga nzima hakufaa kwa kazi ile, ni mie.

Chumba kilikuwa na viti vitatu vya mbao, meza yenye kitambaa kilichofumwa, birika, na dirisha linalotazama mpapai. Nilikaa chini ya dirisha na kanga yangu. Wiki ya kwanza akaja kuli mmoja wa bandarini, mtu mzima, akaeleza kwamba mkewe ndiye anayemnywesha, kwa kelele zake. Mie nikasikia damu inapanda. Nikasema, kwani mkeo ndiye anayekushikia glasi? Yule baba akageuka akaniona kama ndiyo kwanza ninaingia. Akaanza kujitetea, nami nikamjibu, akajibu, nikamjibu, na wallahi nilimmaliza. Akavaa kofia akaondoka. Nikamtazama Sista nikingoja pongezi. Akamimina chai. "Umemshinda," akasema. Nikasema, nimemshinda kweli. "Sasa kaenda wapi?" Nikatazama mlango. "Kaenda kunywa. Na leo ana sababu mpya, wewe." Akaniachia birika mbele yangu nijimiminie. Halafu, kama anazungumza na mpapai: "Ukimsukuma mtu mlangoni, hata kama alikuwa anatoka mwenyewe, anashika fremu."

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa anasinzia mchana, hasa baada ya makande. Alikuwa mkali kwa wauza samaki, akiamini wote ni wezi. Alituona sisi watu wa pwani tunaongea kupita kiasi, na alisema hivyo. "Nyie mnasema kama mnalipwa." Nikamjibu, mie ndiyo nalipwa kinyume chake. Alicheka mpaka akakohoa, na nadhani tangu siku ile alinipenda kidogo. Lakini alipokaa mbele ya mtu mwenye shida yake, akawa mwingine. Mtu anasema maneno ishirini, yeye anamrudishia matano, yale yale ya mtu mwenyewe, kama anampa chenji, na mtu anayatazama, anasema, ndiyo, hivyo hivyo, halafu anaongeza la ndani zaidi. Hakuwahi kumwambia mtu acha. Ilinichosha. Watu wanadhani kusikiliza ni kupumzika. Nilikuwa narudi Nguvumali jioni mabega yananiuma kama nimetwanga.

Bakari sikumburuta. Nilimwambia tu kwamba Chumbageni kuna chai ya sukari. Sukari ya kweli, ya kijiko, sio ya kuonyeshwa. Akaja kwa ajili ya sukari, akakaa kwenye kile kiti na futi yake shingoni, akatia vijiko mpaka nikaona aibu, akasema, "Haya Sista, nihubirie, nina dakika chache." Sista Naomi akamwambia, "Sina mahubiri. Tembo linakupa nini kizuri?" Mie kwenye kona nikakaribia kuanguka. Mwezi wote ule tunamwambia ubaya wake, huyu anauliza uzuri. Bakari naye alishangaa. Akanitazama, akaona sina msaada. Akaanza kwa mzaha, kwamba linampa usingizi, linampa marafiki wasiokuwa na mashati mazuri. Halafu mzaha ukaisha. Akasema, "Sista, nilinunua shati moja la mtumba nikalifumua nilione. Ile mishono ni mizuri kuliko yangu. Hilo ndilo linaloniua. Lingekuwa baya ningecheka." Sista akamrudishia: "Unaumia kwa sababu unaujua mshono mzuri." Bakari akasema, "Mtu asiyejua haumii." Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba gongo limeanza kumlia mikono. Akainyoosha juu ya kitambaa cha meza. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Uzi alikuwa anatungiwa na mke wa jirani. Fundi, anatungiwa uzi.

Hapo ndipo Sista alipoinyooshea kidole ile futi. "Nipe nitumie hiyo. Au kaa nayo mwenyewe. Tuseme hapa mwanzo yupo mtu ambaye hataki hata kusikia habari ya kuacha. Kule mwisho yupo aliyekwisha kuacha. Wewe uko wapi?" Bakari akaivua shingoni. Akapitisha kidole gumba, mara akakisogeza mbele, mara akakirudisha. Akakibana mahali. "Hapa. Kiuno cha mtoto wa chuoni, wa madrasa." Alikuwa anapima kwa miili, hakuwahi kupima kwa namba. Mie nikasubiri lile swali ambalo kila mtu angeuliza, ambalo kaka Omari angeuliza, kwamba kwa nini hapo tu, kwa nini sio mbele zaidi, huoni haya? Sista akauliza kinyume. "Kwa nini uko hapo na sio pale mwanzo kabisa?" Swali lile halina mahali pa kujitetea. Ukilijibu, umejishuhudia mwenyewe. Bakari akaitazama futi, akasema, "Kwa sababu mama yangu ananipitishia sahani dirishani." Halafu akaomba sukari tena.

Akawa anakuja. Akinuka, asiponuka, Sista anampokea vile vile. Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa najua mtu wangu anaenda wapi mchana. Lakini kila walipokaribia kitu, Bakari anateleza, mpaka siku moja akasema wazi. "Sista, usijichoshe. Mie nilishika msahafu nikavunja. Hapo huna dawa." Sista Naomi akasema, "Mie Mlutheri, hilo silijui. Nieleze." Na kweli alikuwa hajui, hakujifanya. Bakari akaeleza yote, kikao, mjomba, kule kutawadha, mwezi haujaandama. Alipomaliza Sista akamrudishia, "Unaona mlango umefungwa." Bakari akaitikia kwa kichwa. Sista akauliza, "Kwa dini yenu, mtu aliyevunja yamini anafanyaje?"

Basi kimya. Na mie najua jibu. Wallahi najua, kila aliyepita chuoni analijua, nimelisikia tangu utotoni uani: funga siku tatu, umetoka. Siku tatu tu. Lilikuwa limekaa mbele ya ulimi. Yule ni kaka yangu, mama yetu anapofuka Nguvumali, na dawa yake ninayo mdomoni, na mie nimekaa kama mtungi. Nje muuza kahawa anapita anagonga vikombe vyake. Kunguru wanatembea juu ya bati. Nikalitia pindo la kanga kinywani nikaliuma. Nikamtazama Sista anipe ruhusa japo kwa jicho, nikaona amefumba macho. Nikajiambia, kasinzia, kala makande huyu, kasinzia kaka yangu akiwa juu ya kamba. Sikuwahi kukasirika vile maishani, na sikuwahi kunyamaza vile.

"Kuna kafara," Bakari akasema mwisho, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mguu. "Kulisha masikini kumi. Mie mwenyewe nalishwa." Nikawaza, sasa atasema kufunga, sema kufunga. Hakusema. Alikuwa anaitazama mikono yake juu ya kitambaa. "Au kuwavisha," akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Kuwavisha masikini kumi. Kufunga ni kwa asiyeweza yale mengine. Watu wanakimbilia kufunga." Akaniangalia mie kwenye kona, mdomo umejaa kanga. "Mie naweza. Mie ni fundi." Sista akafumbua macho. "Unataka kufanya nini?" Bakari akasema, "Nitashona."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za veranda. Ningesema lile langu, angefunga siku tatu na usiku angekunywa, na ingekuwa imekwisha, yamini nyingine iliyoliwa kwa mdomo wa mwingine. Mie ningempa kilicho changu. Kilicho chake kilikuwa ndani yake na sikukijua, na namjua tangu ananibeba mgongoni. Baadaye nilimuuliza Sista kama siku ile alikuwa amesinzia. Akanituma nikaoshe vikombe.

Kitambaa alikipata kwa akili zake. Kwenye marobota kulikuwa na makoti mazito ya baridi ya huko Ulaya, na nani atavaa koti la sufu Tanga? Wauzaji walikuwa wanayatupia pembeni, wanayakalia. Bakari akayaomba. Akayafumua. Ndani yake kulikuwa na bitana, laini, nzima, ya rangi nzuri ambayo huko kwao haionekani na mtu. Akakata nguo za watoto na kanzu fupi za wazee. Na masharti aliyaweka mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Hakai kwenye cherehani akiwa amekunywa. "Siwezi kumvisha masikini mshono wa mlevi," alisema. Kwa hiyo ilibidi asubuhi zake ziwe safi, kisha asubuhi na mchana. Siku za mwanzo alikuwa anatetemeka mpaka sindano inavunjika. Alikuwa anatapika nyuma ya nyumba, anarudi, anakaa. Mie nilikuwa namletea uji wa pilipili manga na kukaa naye barazani bila kusema. Watu wakipita wanauliza, huyu Zuhura anaumwa?

Katikati akaanguka. Kulikuwa na harusi Mabawa, wakampa pombe, akapokea, akaonekana amelala karibu na soko. Kesho yake jua halijapanda sawasawa, kaka Omari huyo anakuja na kile kitambaa cha kijani kwapani, ameshamwita mjomba, kikao kingine, yamini nyingine, safari hii nzito zaidi. Ndiyo maana nasema anajua. Mtu haji mara ya pili na kitu kilichofanya kazi mara ya kwanza. Bakari alikuwa ndani chini ya mashine, amejikunja. Nikasimama mlangoni. "Shikamoo kaka." "Marahaba, pisha." Nikasema sipishi. "Zuhura, wewe ni mtoto wa kike, usinifedheheshe barazani." Nikamwambia, kaka, ukipita hapa na huo msahafu utaniburuza nao mie, na nitapiga kelele mpaka wa Pangani wasikie, na watu watauliza Omari anamfanya nini binti wa watu asubuhi hii. Unajua naweza. Alijua. Maneno yangu yote niliyoyafunga mwaka mzima yalikuwa yamekaa pale mlangoni na mie. Akasimama, akatema mate pembeni, akaenda zake. Mwaka ule nilitumia mdomo mara moja tu kwa maana, ilikuwa pale.

Jioni Bakari akaenda Chumbageni kwa miguu, ananuka, macho mekundu. Sista hakumuuliza kilichotokea. Akamwekea chai, akainyooshea kidole futi. Bakari akapima. Kidole kilirudi nyuma sana, kwenye shingo ya kitoto kichanga. "Kwa nini hapo," Sista akauliza, naye sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa, "na sio mwanzo?" Bakari akasema, "Kwa sababu zile nguo zilizobaki nimeshazikata." Basi. Akanywa chai yake akaenda kuzishona.

Alizigawa mwenyewe, kimya kimya, mlango kwa mlango, na hakumwambia mtu ni za nini. Ya mwisho alimpa bibi mmoja asiye na mtu nyuma ya soko, akaivaa pale pale, akaikung'uta akasema kiunoni inabana. Bakari akaichukua, akaifumua, akairekebisha, akamrudishia. Halafu akaoga, akavaa kanzu, akanipitia. Tukaenda kwa Bi Mize mchana mweupe. Akavua ndara. Akasimama kwenye kizingiti muda ambao niliona mrefu, na nilikuwa na maneno mia ya kumsukumia ndani, na sikusema hata moja, na siku ile hakuna aliyenilipa. Ndani Bi Mize akasikia pumzi. "Nani?" "Mie, mama." "Basi ingia, nzi wanaingia." Akaingia. Nilimwona kupitia pazia amepiga magoti kando ya kitanda, na mikono ya mama yake inampapasa uso, paji, pua, ndevu, kama anayepima.

Aliteleza tena miaka ya baadaye, mara mbili ninazozijua, na akarudi. Sisemi kuuliza ni muujiza. Baada ya mwaka ule niliendelea na kazi ile, kwanza kwenye kona, baadaye kwenye kiti cha mbele, na ulipokuja unga, zile dawa za kulevya, nikakaa na vijana wa unga, na wengi wao nimewazika. Nimeuliza nikajibiwa na watu ambao hawakurudi tena. Sista Naomi alirudi kwao milimani akafia huko. Mabega bado yananiuma jioni. Lakini kaka Omari, kwa uzee wake wote, pale kwenye kiti cha plastiki aliniuliza maswali matatu na kila moja alishakuwa na jibu lake kabla sijafungua mdomo, na ndivyo alivyomuuliza Bakari maisha yake yote.

Na wewe unaye wako. Usiniambie huna. Umemsema, umemlilia, umemwitia kikao, pengine umemshikisha na msahafu au biblia. Lini umemuuliza kitu kimoja ambacho hukijui jibu lake, ukafunga mdomo mpaka akakijibu?